Kitabu cha Kusikiliza: Tathmini ya Huduma ya Kurekodi Vitabu kwa Wasioona katika Maktaba Moja ya Nairobi

Huduma ninayoitathmini hapa inaendeshwa na maktaba ndogo ya kijamii iliyo upande wa magharibi wa Nairobi. Wasimamizi wake wameniomba nisiitaje kwa jina, kwa kuwa chumba chao cha kurekodia ni kimoja tu na maombi ya wanaotaka kujitolea tayari yamewalemea. Kazi yake ni kuwaalika watu waje wasome vitabu kwa sauti, usomaji huo urekodiwe, kisha rekodi zikopeshwe bila malipo kwa wanachama wasioona, wenye uoni hafifu, na wengine ambao ulemavu wao hauwaruhusu kusoma maandishi ya kawaida. Nimejitolea humo muda wa kutosha kuijua kazi kwa ndani, kwanza nikiwa msomaji na baadaye nikiwa miongoni mwa wanaosikiliza rekodi za wenzao kabla hazijatolewa, na nimezungumza na wanachama wanaozitumia nyumbani na shuleni.

Kipimo changu katika tathmini hii ni kimoja, nacho ni kwamba kitabu cha sauti kinapaswa kumtumikia asiyeona katika kila jambo ambalo kitabu cha karatasi humtumikia anayeona. Mwalimu wa fasihi akiingia darasani na kusema, "Fungueni ukurasa wa 47, aya ya pili," mwanafunzi asiyeona anatakiwa afike hapo pamoja na wenzake, si baada ya kipindi kwisha. Akitaka kurudia sentensi aliyoitilia shaka, airudie. Akitaka kujua jina la mji wa kigeni linavyoandikwa, alikute limetajwa herufi kwa herufi. Akitaka kuiruka dibaji aende moja kwa moja kwenye sura ya kwanza, airuke. Watu wengi wakisikia habari za kujitolea kusoma huuliza kwanza iwapo wana sauti nzuri. Ni swali la heshima, lakini liko mbali na kiini cha kazi. Redio imetuzoesha sauti inayopita, ilhali kitabu hukaa, hufunguliwa, hufungwa na kufunguliwa tena, na huduma ya namna hii hufaulu kwa kadiri inavyoikumbuka tofauti hiyo. Huduma hii huikumbuka mara nyingi, na pale inapoisahau nitasema.

Wanaohudumiwa ni wengi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Sensa ya 2019 ilihesabu nchini Kenya zaidi ya watu 330,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi ambao wana ulemavu wa kuona, na si wote waliojifunza breli, maandishi ya nukta zilizoinuka. Mtoto aliyezaliwa haoni, akapelekwa katika shule kama ile ya wasioona ya Thika iliyoanza mwaka 1946, hufundishwa kusoma kwa ncha za vidole tangu utotoni. Lakini mtu aliyepoteza uoni ukubwani kwa sababu ya kisukari au presha ya macho, baada ya kuwa karani au fundi kwa miaka mingi, huona shida kubwa kujifunza nukta hizo kwa vidole vilivyokwisha kukomaa, na kwake masikio ndiyo njia iliyobaki. Hata vitabu vya sauti vyenyewe vilianzishwa kwa kuwafikiria watu wa hali hiyo. Nchini Uingereza aliyezipigania zaidi santuri za vitabu alikuwa Ian Fraser, ofisa wa jeshi aliyepofushwa katika mapigano ya Somme, Ufaransa, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1916, na santuri za kwanza zilitolewa 1935, mwaka mmoja baada ya Marekani kuanza za kwake. Riwaya ya kawaida ilihitaji santuri kumi, kila upande ukiwa na dakika 25. Leo riwaya hiyo hukaa ndani ya simu pamoja na nyingine nyingi, lakini kazi ya kuisoma haijapungua hata kwa dakika moja.

Kisha wapo wanachama ambao macho yao hayana tatizo lolote. Mmoja alipata ajali ya bodaboda iliyoiacha mikono yake haina nguvu ya kushika kitabu wala kufungua ukurasa. Mwingine ni kijana mwenye disleksia, yaani ugumu wa kuyasoma maandishi, ambaye hupokea kwa masikio upesi sana kile ambacho macho yake humkatalia. Wote hao wanatambuliwa na Mkataba wa Marrakesh, mkataba wa kimataifa kuhusu nakala za vitabu kwa wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, uliopitishwa Juni 2013, kuwa wanufaika sawa na wasioona. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 2017, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019 yakaingiza masharti yake katika sheria zetu. Kutokana na hayo, taasisi iliyoidhinishwa na isiyotafuta faida inaweza kutengeneza nakala inayowafaa wanufaika bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, mradi nakala hiyo iwafikie wanufaika peke yao. Ndiyo maana kila anayejitolea hutia sahihi ahadi ya kutotoa rekodi nje ya maktaba, na haruhusiwi kuweka hata kipande cha usomaji wake katika mitandao ya kijamii, ijapokuwa nia yake ni kuisifu huduma. Baadhi ya vijana hulilalamikia sharti hilo. Mimi naliunga mkono kabisa, kwa sababu mwandishi wa Kiswahili tayari anaishi kwa mapato madogo, na imani ya wachapishaji ikivunjika atakayeumia ni msikilizaji.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magazeti ya zamani. Kuta zimetundikwa blanketi nzito, dirisha limezibwa kwa rafu ya vitabu, na sakafu imetandikwa zulia. Nje kuna barabara ya matatu, na juu hupita ndege ndogo ziendazo Uwanja wa Wilson; kwa hiyo ratiba hufuata kelele za mtaa. Kurekodi huanza saa moja asubuhi na hukoma kabla ya saa nne, mafundi wa milango ya chuma walio jirani wanapowasha mashine zao. Mvua ikinyesha kazi husimama, maana paa ni la mabati. Stima ikipotea, kompyuta huendelea kwa betri mpaka ukurasa ulioanzwa ukamilike.

Mafunzo ya awali yanayotolewa kuhusu namna ya kukaa mbele ya kipaza sauti ni mazuri, na yalistahili kupewa muda mrefu zaidi. Kipaza sauti huwekwa umbali wa shubiri moja hivi, kikikaa kando kidogo ya midomo badala ya kuikabili, ili pumzi ya herufi p na b isitoe mshindo. Msomaji huvua saa na bangili, huweka kitabu juu ya kishikizo ili karatasi zisilie, na hunywa maji badala ya chai ya maziwa, ambayo huacha ute mdomoni unaosikika katika kila neno. Kabla ya sentensi ya kwanza hurekodiwa sekunde kadhaa za ukimya wa chumba, na ukimya huo ndio hutumika baadaye kuziba mahali palipokatwa kikohozi. Pengo lisilo na kitu kabisa humshtua msikilizaji akadhani simu yake imezima. Msomaji akikwama hasimamishi mashine. Hupiga kofi moja, ambalo huacha mstari mrefu katika mchoro wa sauti ndani ya programu ya Audacity, kisha huirudia sentensi nzima tangu mwanzo, kwa kuwa neno moja lililopachikwa katikati huja na pumzi yake na kimo chake cha sauti, na sikio hulitambua mara moja. Audacity ni programu ya bure, na vifaa vingine vya chumbani humo si vya bei kubwa. Nimesikiliza rekodi zilizotoka humo kwa kutumia vipokea sauti vizuri na sikuona sababu ya kudai chumba cha kifahari.

Sehemu ninayoisifu bila kusita ni usahihishaji. Hakuna rekodi inayotolewa kabla mtu wa pili hajaisikiliza yote, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, huku akifuata kitabu. Kwa vitabu ambavyo maktaba ina nakala yake ya breli, mtu huyo ni mwalimu mstaafu asiyeona, aliyefundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Hukaa mezani na vipokea sauti kichwani, vidole vyake vikitambaa juu ya nukta kwa kasi ile ile ya msomaji, na vidole hivyo vinaposimama kila aliye chumbani hujua kuna jambo. Yeye hutamka kosa, na msaidizi huliandika katika fomu yenye safu tatu: ukurasa, dakika, na neno lililosomwa likiwa kando ya neno lililoandikwa. Katika fomu moja niliyoishika palikuwa na "walikaa" mahali pa "walikataa", "aliwaoa" mahali pa "aliwaona", na aya nzima iliyorukwa kwa sababu mistari miwili ya ukurasa ilianza kwa neno moja. Rekodi hiyo ilikuwa ya mtangazaji mwenye sauti ya kupendeza mno. Msikilizaji asingekuwa na njia ya kujua kwamba wanakijiji wale walikataa. Angekwenda na "walikaa" mpaka ndani ya chumba cha mtihani, akapoteza alama kwa kosa la mtu ambaye hatamjua kamwe.

Nilimsikia mwalimu huyo akizungumza na msichana wa chuo kikuu aliyevunjika moyo kwa wingi wa masahihisho aliyorudishiwa. "Mwanangu," alimwambia, "atakayekusikiliza hana kitabu cha kulinganishia. Akiachiwa kosa, ataishi nalo. Nenda ukausome tena ukurasa wa 31." Msichana akajibu, "Sawa, Mwalimu," akaingia chumbani. Ninaona huo ndio moyo wa huduma hii, na ni jambo la busara kubwa kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ubora yamewekwa mikononi mwa mtu ambaye mwenyewe anasoma bila kuona. Tatizo ni kwamba mwalimu ni mmoja. Rekodi hupanga foleni zikimngoja, na kitabu kilichokwisha kusomwa kinaweza kukaa miezi kabla ya kumfikia mwanachama, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa kidato cha nne ni sawa na kunyimwa.

Ugumu wa kweli wa kazi hii uko katika aina za maandishi. Riwaya humbeba msomaji wake, na mtu mwenye utulivu wa kawaida ataimudu. Tamthilia ni kazi nyingine, kwa kuwa jina la mhusika lililochapishwa kando ya kila kauli lazima lisomwe, na maelekezo ya jukwaa yaliyomo ndani ya mabano lazima yatofautike na maneno ya wahusika. Mwongozo wa huduma unataka jina litajwe kwa utulivu, lifuatwe na kituo kifupi, kisha kauli isomwe. Maelekezo husomwa kwa sauti iliyoshushwa kidogo. Kuigiza sauti za wazee, watoto na walevi hakuruhusiwi kupita kiasi. Mwongozo huu huwabana wale waliozoea jukwaa, lakini ninaukubali, kwa sababu mwanafunzi anayetakiwa kuweka dondoo katika muktadha wake anahitaji kujua nani alisema, akimwambia nani, kabla ya kufurahia jinsi alivyosema.

Katika ushairi ndipo huduma inapopungukiwa, na sharti nilieleze jambo hili kwa kirefu kwa sababu ushairi ni sehemu kubwa ya kile ambacho wanafunzi hutahiniwa. Shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za jadi, lenye mizani (silabi) kumi na sita katika kila mshororo (mstari) hugawanyika kuwa ukwapi na utao, nusu ya kwanza na ya pili, nane kwa nane, na kina cha kati, silabi inayofanana katika mishororo, hukaa mwishoni mwa ukwapi. Msomaji asipotua hapo, kina humezwa na silabi inayofuata, na mwanafunzi anayeulizwa abainishe vina vya ubeti wa tatu hana pa kuvishikia. Baadhi ya rekodi za mashairi nilizozisikiliza zimesomwa kama taarifa ya habari: kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, msomaji akifuata koma za mchapishaji badala ya mizani ya mshairi. Wapo pia waliokwenda upande wa pili, wakayaghani mashairi kwa mahadhi ya pwani yanayoburudisha sana, lakini yanayoirefusha silabi mpaka hesabu ya mizani ikapotea. Njia iliyo bora nimeisikia kwa msomaji mmoja tu, mzaliwa wa Lamu, ambaye huusoma kila ubeti mara mbili. Mara ya kwanza hutaja namba ya ubeti na kuusoma polepole, akitua kwenye kina cha kati na kwenye kina cha mwisho, ili anayetaka kuhesabu kwa vidole ahesabu. Mara ya pili huughani. Hapo mwanachama hupata uchambuzi na utamu kwa pamoja, na hakuna kinachomharibia mwenzake. Nimewapendekezea wasimamizi waifanye njia hiyo kuwa kanuni ya mashairi yote, na wamtumie msomaji huyo kuwafundisha wengine, maana hakuna mafunzo yoyote ya ushairi yanayotolewa sasa.

Vitabu vya Historia na Jiografia vina tarakimu, majedwali na picha. Mwaka 1963 husomwa "elfu moja mia tisa sitini na tatu", na ukurasa uliojaa miaka humchosha msomaji na msikilizaji vilevile. Hata hivyo, huduma imekataa miaka isomwe kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, na nadhani imefanya haki. Jedwali husomwa mstari kwa mstari baada ya msomaji kutaja idadi ya safu na vichwa vyake. Ramani haisomeki, hivyo huelezwa, na maelezo yake huandikwa kwanza na kupitishwa na mwalimu wa somo kabla ya kurekodiwa. Katika hili maktaba inastahili pongezi.

Wapo watakaouliza kwa nini watu wajichoshe kusoma ilhali kompyuta na simu husoma zenyewe. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, husoma kwa sauti kilicho kwenye skrini ya kompyuta, simu za Android zina TalkBack inayofanya kazi hiyo hiyo, na zote mbili zinaweza kutumia sauti ya Kiswahili. Kwa barua pepe, kwa gazeti la mtandaoni, au kwa ujumbe wa M-Pesa ambao mtu hapendi usomwe na jirani, programu hizo zinashinda msomaji yeyote, kwa kuwa zimempa asiyeona faragha yake. Lakini zinahitaji maandishi yaliyokwisha kuingizwa katika kompyuta, na vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ya 1970 na 1980 vimo katika karatasi tu, tena karatasi iliyofifia. Isitoshe, mhusika wa riwaya ya Nairobi huweza kuanza sentensi kwa Kiswahili sanifu, akapitia Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, na kuimalizia kwa Kikuyu au Dholuo, na hapo mashine hutamka vitu ambavyo hata msikilizaji mwenye subira hawezi kuvitambua. Mwanachama mmoja anayesomea sheria aliniambia kwamba maandishi ya sheria huyasikiliza kwa sauti ya mashine, tena akiiharakisha, na kwamba fasihi huitaka kwa sauti ya binadamu. Naafiki mgawanyo huo. Ungefuatwa hata na maktaba, saa nyingi za kujitolea zingeokolewa.

Kwa maana sehemu kubwa ya saa hizo huishia kwenye vitabu visivyohitajika sana. Anayejitolea huruhusiwa kuja na kitabu anachokipenda, na wengi huja na vitabu vya Kiingereza vya kutia moyo na vya biashara, ambavyo mara nyingi vinapatikana kwa njia nyingine, hata katika maktaba za mtandaoni kama Bookshare, iliyoanza mwaka 2002 kwa ajili ya watu hao hao. Wakati huohuo, katika meza ya mkutubi kuna daftari la maombi ya wanachama. Nimelipitia. Wanaomba kitabu cha ufugaji wa kuku, hadithi za watoto ambazo mama asiyeona anaweza kumsikilizisha mwanawe, mashairi ya kale, riwaya za Kiswahili walizozisikia zikitajwa redioni, na maelezo ya sheria ya ardhi. Kuna pia ombi la Katiba ya 2010 kwa Kiswahili. Kifungu cha 54 cha Katiba hiyo kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Nayo Katiba yenyewe imekaa daftarini bila msomaji wa kuichukua. Hili linaniumiza, na lingeweza kumalizwa kwa kanuni moja tu, kwamba kila msomaji mpya aanze na kitabu kutoka katika daftari.

Mkataba wa Marrakesh unaruhusu pia nakala zibadilishanwe kuvuka mipaka kati ya nchi wanachama. Uganda ilijiunga mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Kwa lugha inayosomwa kote huku, ni hasara kitabu kile kile cha Kiswahili kurekodiwa upya Nairobi ikiwa kimekwisha kurekodiwa vizuri upande wa pili wa mpaka. Sijaona huduma hii ikianza mazungumzo ya aina hiyo na yeyote.

Kuhusu kuwafikishia wanachama vitabu, nina sifa nyingi. Rekodi kamili hutengenezwa kwa mfumo wa DAISY, kazi ya muungano wa maktaba za wasioona ulioundwa mwaka 1996, ambao hufungamanisha sauti na sura na kurasa hivi kwamba msikilizaji hutaja ukurasa anaoutaka na kufika. Lakini kifaa maalumu cha DAISY ni ghali, na wanachama wengi, hasa wazee, wana kabambe, simu ya vitufe yenye nafasi ya memori kadi, ambayo hutambua faili za MP3 basi. Maktaba haikuwaacha nyuma. Kila kitabu hutolewa pia katika faili fupi zilizopangwa kwa namba, ukurasa kwa ukurasa kwa vitabu teule vya fasihi na sura kwa sura kwa vinginevyo, na kila faili huanza kwa kutajwa ni ukurasa au sura gani. Mama mmoja aliyekuwa muuza mboga kabla ya kupoteza uoni alinionyesha anavyofanya. Simu huiweka sikioni, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha kwenda mbele; akisikia "sura ya nne" hubonyeza, akisikia "sura ya tano" hubonyeza, na akifika ya sita huketi vizuri na kutulia, maana hapo ndipo alipoachia jana. Hakuhitaji msaada wa mtu yeyote nyumbani mwake, na alilieleza hilo kwa fahari.

Ndiyo sababu nashindwa kuelewa orodha ya vitabu ilivyo. Imechapwa kwa herufi ndogo na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango. Mwanachama asiyeona anayetaka kujua kuna nini hana budi kumwomba mkutubi amsomee, na mkutubi mwenye watu wanaomngoja humsomea vichwa vichache anavyovikumbuka. Kwa hiyo vitabu vilevile hukopwa mwaka hadi mwaka, na rekodi zilizogharimu jasho la watu wengi hukaa hazijawahi kufunguliwa. Orodha nzima ingeweza kurekodiwa asubuhi moja na kuwekwa kuwa faili ya kwanza katika kila memori kadi inayotoka. Nimejitolea kuisoma, na wasimamizi wamekubali kwamba ifanyike kabla ya vitabu vipya vya muhula ujao kuanza kutolewa.

Ningeipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na ya tano ningeizuia mpaka orodha na daftari la maombi vishughulikiwe. Nauli ya anayejitolea ni juu yake mwenyewe, na hilo huwazuia wanafunzi wanaotoka mbali, wengi wao wakiwa wasomaji wazuri. Mapokezi ni ya heshima.

Anayetaka kuomba nafasi katika huduma ya aina hii ajiandae kwa jaribio la kusoma kipande cha riwaya, ubeti wa shairi na jedwali moja, bila kuonyeshwa mapema. Ataulizwa pia kuhusu muda wake, kwa sababu kitabu kilichoanzwa na sauti moja hutakiwa kumalizwa na sauti hiyo hiyo. Mwenye asubuhi moja kila wiki kwa mwaka mzima anafaa kuliko mwenye likizo nzima isiyorudi tena. Asiyependa kusikika katika rekodi bado ana kazi, maana wasahihishaji ndio wanaohitajika zaidi, na anayejua breli atapokewa kwa mikono miwili. Uvae nguo za pamba zisizochakarika, uje na maji yako ya kunywa, na ulipitie daftari la maombi kabla hujataja kitabu unachokitaka wewe.